Kabla ya kujaza fomu ya kozi ya ambulensi

Na MWANDISHI WETU

ILIKUWA yapata saa moja jioni. Magari yalikuwa yamesongamana katika barabara ya Thika na manyunyu ya mvua yakianguka, wakati pikapu moja ilipoigonga pikipiki hatua chache kutoka mahali ambapo mpwa wangu alikuwa akisubiri matatu. Abiria wa pikipiki alirushwa hadi kando ya barabara. Kufumba na kufumbua, umati ulikuwa umekusanyika. Wanaume wanne wenye nia njema kabisa walimnyanyua, wawili wakishika mikono na wawili miguu, wakampakia nyuma ya gari kama gunia la viazi. Shingo ya mtu yule ilikuwa ikining'inia.

Msichana huyo alifika nyumbani akiwa kimya, akala chakula kidogo na kwenda kulala.

"Shangazi," aliniambia siku ya pili, "nilisimama pale nimeshikilia mkoba wangu. Sikujua la kufanya. Na wale waliomsaidia pia hawakujua."

Wiki mbili baadaye alitangaza kwamba anataka kuomba nafasi ya kusomea matibabu ya dharura, yaani kazi ya wale wahudumu wanaopanda ambulensi. Kaka yangu, ambaye ndiye babake, aliweka kikombe cha chai mezani kwa kishindo.

"Nimekusomesha miaka kumi na miwili," alisema, "ili uwe utingo wa ambulensi?"

Naam, mpenzi msomaji, huenda swali hilo limeulizwa katika nyumba yako pia. Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, vijana huanza kuzunguka na fomu za vyuo, na wazazi huanza kuhesabu akiba ya chama. Katika makala haya nitakueleza tuliyojifunza katika jamaa yetu kabla ya kulipa hata shilingi moja.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Jambo la kwanza ambalo kaka yangu hakulijua ni kwamba ambulensi si teksi yenye king'ora. Mhudumu wa dharura hufunzwa kufungua njia ya hewa ya mtu aliyezimia, kuzuia damu isivuje, kufunga gango kwenye mfupa uliovunjika, kuilinda shingo na uti wa mgongo wakati majeruhi anapohamishwa, kumzalisha mama ambaye uchungu umemshika njiani, na kueleza hali ya mgonjwa kwa redio ili hospitali ijiandae kumpokea.

Chukua mfano wa moyo uliosimama. Mhudumu huweka viganja vyake katikati ya kifua cha mgonjwa na kukibonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akiwa pia anampulizia pumzi, hubonyeza mara 30 kisha hupuliza mara 2, na kuanza tena. Ukitazama unaona rahisi. Jaribu kufanya hivyo kwa dakika mbili juu ya sanamu la mazoezi, uone jasho litakavyokutoka. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nchi hii imewahi kuonja uchungu wa kukosa watu wa kutosha wenye ujuzi huo. Bomu lilipolipuka katikati ya Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, watu zaidi ya 200 walifariki jijini na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walikimbizwa hospitalini kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi. Wakenya walionyesha moyo wa ajabu siku ile, lakini moyo peke yake haufungi mshipa unaovuja damu.

Sheria nayo imebadilika tangu wakati huo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini. Kwa hivyo kazi ya mhudumu wa ambulensi inalinda haki ya raia.

GREDI SI HUKUMU

Mpwa wangu alipata gredi ya C. Kaka yangu aliiona gredi hiyo kama aibu iliyoletwa nyumbani. Nilimsimulia kisa kilichotokea Marekani.

Katika mji wa Pittsburgh aliishi daktari aliyeitwa Peter Safar, mmoja wa waliobuni njia ya kumrudishia mtu uhai kwa kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua. Mnamo 1966 binti yake mwenyewe alifariki baada ya kushikwa na pumu. Wakati huo kazi ya kubeba wagonjwa mjini humo ilikuwa ya polisi na magari ya maziko. Mnamo 1967 Safar alishiriki kuanzisha huduma iliyoitwa Freedom House, ambayo iliwachukua vijana Weusi wa mtaa wa kimaskini wa Hill District. Wengi hawakuwa na kazi na baadhi hawakuwa wamemaliza shule. Walifunzwa kwa takriban saa 300, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa ambulensi nchini humo wenye ujuzi kamili wa kitabibu. Huduma hiyo iliendelea hadi 1975.

Kaka yangu alinyamaza kidogo. "Hao walikuwa Wamarekani," akasema. Hata hivyo, nilimwona akivuta fomu karibu yake na kuanza kuisoma.

CHUO CHA GHOROFANI

Hapo ndipo tulipokaribia kutumbukia shimoni. Mpwa wangu alikuwa amepata tangazo la chuo kimoja lililobandikwa kwenye nguzo ya stima. Alipopiga simu, mtu aliyejiita msajili alimtaka atume pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo "kuhifadhi nafasi", kwani eti nafasi zilikuwa zimesalia mbili. Pesa zenyewe zilikuwa akiba ya mamake ya miezi saba.

Nilimwambia asitume chochote mpaka twende tukajionee. Tulikuta vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Hapakuwa na sanamu la mazoezi, machela wala mtungi wa oksijeni. Nilimuuliza karani ni hospitali gani wanagenzi wao hupelekwa kwa mafunzo ya vitendo. Alisema jambo hilo "linapangwa". Tukashuka ngazi.

Mzazi, kabla hujatoa pesa, fanya haya:

Kwanza, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya vyuo vya kiufundi ya 2013. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Wasiliana na mamlaka yenyewe. Uliza pia kama kozi hiyo inatambuliwa na baraza la wahudumu wa dharura, KCEMT.

Pili, uliza ni wapi mwanafunzi atafanyia mazoezi. Kozi ya kweli humpeleka mwanagenzi katika chumba cha dharura, katika wadi ya wazazi na ndani ya ambulensi yenyewe. Ujuzi huu haupatikani ubaoni pekee.

Tatu, taka karatasi inayoonyesha gharama zote: karo, sare, viatu, vitabu, bima, mtihani na nauli ya kwenda mazoezini. Karo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo aghalabu huwa nusu tu ya hadithi.

Nne, jua ngazi unayoiomba. Kuna kozi fupi ya huduma ya kwanza ya siku chache, kuna cheti cha mhudumu wa dharura, na kuna ngazi ya juu ya paramediki. Cheti cha siku chache hakikufanyi mhudumu wa ambulensi, hata kama kimepambwa kwa dhahabu.

Kwa wanaotaka vyuo vya serikali, KMTC, ambacho historia yake inaanzia 1927, hutoa kozi ya cheti cha matibabu ya dharura, na maombi ya kujiunga nacho hupitia KUCCPS. Soma masharti ya mwaka wako, kwa maana kozi za afya kwa kawaida huangalia si gredi ya jumla tu bali pia Biolojia, na Kiingereza au Kiswahili. Kuna vilevile mafunzo yanayotolewa na mashirika ya siku nyingi kama vile St John Ambulance na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo liliundwa kwa sheria ya Bunge mnamo 1965.

Weka tayari matokeo ya KCSE, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti na barua ya daktari. Na usingoje barua ya kukubaliwa ndipo uulizie chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida chanjo hiyo hutolewa mara tatu katika muda wa takriban miezi sita, nayo ni kinga muhimu kwa yeyote atakayegusa damu ya watu wengine.

JIPIME KWANZA

Kaka yangu alikubali kwa sharti moja: binti yake asome kwanza kozi fupi ya huduma ya kwanza, kisha waketi tena wazungumze. Naona lilikuwa sharti la busara. Ni gharama ndogo kugundua mapema kwamba damu inakutia kizunguzungu kuliko kuligundua baada ya kulipa karo nzima.

Kazi hii ina zamu za usiku na sikukuu. Ina kubeba machela kutoka orofa ya tano mahali ambapo lifti haifanyi kazi. Ina walevi wanaotukana na jamaa wanaolia. Na kuna wagonjwa watakaofariki hata baada ya wewe kufanya kila ulichofunzwa.

Wengi bado wanakumbuka kisa cha Oktoba 2015, ambapo mwanamume aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18, akizungushwa huku na huko kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Mhudumu aliyekuwa naye ndani ya gari hakuwa na uwezo wa kuumba kitanda. Alichoweza ni kubaki naye na kuendelea kumhudumia. Anayejaza fomu ajue kwamba siku kama hiyo yaweza kumfikia.

Ajue pia kwamba ajira haigawiwi kama peremende. Tangu huduma za afya zilipohamishiwa kaunti mnamo 2013, serikali za kaunti zimekuwa miongoni mwa waajiri wa wahudumu hawa, pamoja na hospitali na kampuni za kibinafsi za ambulensi. Lakini nafasi nyingine ni za kandarasi, na wapo waliohitimu ambao bado wanatafuta. Leseni ya udereva na moyo wa kujitolea wakati wa likizo huweza kumtofautisha mwombaji mmoja na mwingine.

SWALI LA MWISHO

Mpwa wangu alimaliza kozi ile fupi. Jioni aliyorudi na cheti chake, alimlaza babake sakafuni sebuleni na kumwonyesha jinsi ya kumgeuza majeruhi bila kuipinda shingo. Kaka yangu alilalamika kwamba sakafu ni baridi. Lakini alilala tuli mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kama niko peke yangu na wewe hauko, nifanyeje?" Binti akamfunza hilo nalo: asimwondoe majeruhi mahali alipo ila kama kuna hatari kama moto au magari, aitishe usaidizi, na akishikilie kichwa chake kisicheze.

Baadaye tuliketi mezani kujaza fomu ya chuo tulichokikagua. Swali la mwisho lilikuwa: Kwa nini unataka kusomea kazi hii? Alikuwa ameandika, "Kwa sababu napenda kusaidia watu."

"Futa," nilimwambia. "Kila mwombaji ataandika hivyo. Hata wale wanaume wanne wa barabara ya Thika walipenda kusaidia."

Alifikiri kwa muda mrefu, kalamu mdomoni. Kisha akaandika kuhusu jioni ile ya mvua, mkoba aliokuwa ameushikilia na shingo iliyokuwa ikining'inia. Alimaliza kwa kuandika kwamba hataki tena kuwa mtu anayetazama.

Kaka yangu aliisoma fomu hiyo mara mbili bila kusema neno. Asubuhi iliyofuata aliondoka nyumbani mapema kuliko kawaida, fomu ikiwa ndani ya bahasha ya kaki kwapani mwake. Alisema ataipeleka mwenyewe, maana, kwa maneno yake, mambo ya dharura hayangoji.