Mbunge Atafanya Nini na Barua Yako?

Barua kwa mbunge mara nyingi hushindwa kwa sababu imeomba lisilo mikononi mwake, hata ikiwa imeandikwa kwa ufasaha. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iligawa kazi: zahanati, chekechea na barabara za kaunti zikaenda kwa serikali za kaunti, huku shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Anayemlilia mbunge kwamba zahanati ya kijiji haina dawa anampa udhuru wa bure. Atajibu kuwa hilo ni la gavana, na atakuwa amesema kweli. Barua hiyo ilimfaa mwakilishi wa wadi. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti ya taifa na kuwahoji mawaziri, basi aombwe mojawapo ya hayo, tena moja tu. Kuandika kwamba “shule yetu inateseka” hakumsaidii. Akitajiwa shule, idadi ya wanafunzi katika kila darasa na tarehe wizara ilipoandikiwa bila kujibu, anapata swali ambalo waziri hawezi kulikwepa kirahisi. Aya nzima ya kumpamba mheshimiwa (tunaipenda sana) haimwongezei chochote cha kusema bungeni.

Wapo watakaosema barua ni kupoteza wino, heri kumpigia simu au kumvizia mazishini. Kwa basari ya mtoto mmoja, huenda ni kweli. Lakini ahadi ya mazishini haina nakala, na mwaka ujao hakuna atakayeikumbuka ila aliyeahidiwa. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa hubaki, hata mbunge akiitupa. Naye asipoijibu, njia haijafungwa: Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, kwa hiyo Kiingereza kibovu si kizuizi. Sheria ya 2012 ya ardhilhali inamtaka mwombaji aeleze kama amejaribu kulifikisha suala lake kwa mamlaka husika, na kama alijibiwa. Mwenye nakala za barua zake kwa wizara na kwa mbunge, zenye muhuri na tarehe, ana ushahidi wa kuambatisha hapo.