Mjomba alilaumu lenzi, kumbe ni jicho lake

“Mpwa wangu, hii lenzi imeingia ukungu.”

Mjomba alilisema hilo mara tatu siku ile, kila mara akiifuta lenzi kwa kitambaa laini anachokitunza mfukoni kama hirizi. Tulikuwa Uhuru Gardens, Nairobi, Mei 2022, kwenye maonyesho ya ndege ya Jeshi la Anga la Kenya. Yeye ni mpigapicha wa harusi na pasipoti mjini Tabora, umri wake umeshavuka miaka 60, na alikuja kwa basi kupitia Singida na Arusha, begi la kamera akilipakata njia nzima. Mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuandika habari za afya, nilimjibu: “Labda ni vumbi la safari, mjomba.”

Shauku yake haikuanza juzi. Watu wa Tabora hujivunia misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, miembe ya zamani na tembe la Kwihara alilokaa Livingstone. Mjomba ana wasafiri wake wengine. Mgeni akiketi barazani kwake lazima asimuliwe habari za Vickers Vimy, ndege iliyodhaminiwa na gazeti la The Times kutoka Uingereza kwenda Cape Town. Februari 27, 1920 ilianguka Tabora ilipojaribu kuondoka. Abiria wake, mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, alinusurika. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo, tena yenye joto, ni nyepesi. Injini na mabawa hupata shida. Mjomba huisimulia ajali hiyo utadhani alikuwepo.

Kupiga picha ndege inayocheza sarakasi ni kazi ya mwili mzima. Ndege ya jeti huhitaji kamera ifungue jicho lake kwa muda mfupi sana, sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au chini ya hapo. Ya rafadha ni kinyume. Ukifanya hivyo, rafadha itaonekana imesimama, kama ndege imening’inizwa kwa uzi. Inabidi ushuke hadi sehemu moja ya 200 hivi, na hapo ndipo mkono unaotetemeka hujulikana. Unapanda miguu chini, unabana viwiko mbavuni, unageuka kwa kiuno ukiifuata ndege, na unabonyeza bila kusimama.

Rubani naye anateseka kwa namna yake. Akiivuta ndege juu kwa ghafla, uzito wake unaweza kuzidishwa mara sita: mtu wa kilo 70 anajihisi ana kilo 420. Damu hukimbia kichwani kwenda miguuni, rangi hufifia, kisha uoni hubana kama anachungulia ndani ya bomba. Ndiyo maana marubani hukaza misuli ya mapaja na tumbo. Wakilegeza mvuto, uoni hurudi baada ya sekunde chache.

Wa mjomba haukurudi.

Usiku ule tulizifungua picha kwenye kompyuta yangu. Zile alizoinasa ndege zilikuwa kali, maana kamera hujilenga yenyewe. Lakini nyingi zilikuwa na anga tupu. Kila ndege ilipokaribia upande wa jua, alikuwa ameipoteza. Nikamwambia, “Mbona lenzi ni safi?” Akasogeza uso karibu na kioo. “Hata kompyuta yako ina ukungu,” akasema.

Nilimfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema la kulia linaona kama kupitia chandarua.

Ulikuwa mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida ni angavu, hupoteza uangavu wake. Mwanga wa jua au taa za magari usiku huanza kutawanyika na kuumiza. Hauna maumivu, ndiyo maana watu hulaumu miwani, umeme mdogo, au lenzi. Umri ndio sababu kubwa, na kisukari, sigara na jua kali huuharakisha. Hakuna dawa ya matone, asali wala majani inayousafisha. Tiba ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Mjomba alikataa kwa mwaka mzima. “Kisu kwenye jicho ndilo linalonilisha?” Sikuwa na jibu zuri. Alikubali 2023, baada ya bibi harusi mmoja kurudisha albamu. Bandeji ilipotolewa alitazama huku na huku, akasema, “Kumbe ukuta huu ni mweupe.” Jicho lake lilikuwa likimwonyesha dunia ya manjano, naye alikuwa akizirekebisha picha ziwe za bluu ili zifanane na alichodhani ni sawa. Magauni ya maharusi yalitoka na ubluu, na wateja wengine walidhani ndiyo mtindo.

Kwa wazazi wanaopeleka watoto kwenye maonyesho kama yale: zibeni masikio yao. Kelele ya desibeli 100 huanza kuwa hatari ndani ya robo saa, na jeti iliyo karibu huzidi hapo. Nairobi niliona watoto wachanga mgongoni, masikio wazi. Wala mtu asilitazame jua kupitia lenzi ndefu, hata kwa kupepesa; huunguza nyuma ya jicho.

Siku hizi mjomba hufanya mazoezi kwa mwewe wanaozunguka juu ya soko. Wanageuka ghafla, anasema, na hawatangazi ratiba. Juzi alinitumia picha ya mmoja akiwa ameinamia upande wa jua, kila unyoya unahesabika. Chini yake aliandika: “La kushoto lini?” Nimeshampigia daktari.