Kiwango Kimoja, Ving'amuzi Vitatu: Sifa na Kero za Viwango Shindani vya Urushaji wa Televisheni katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inaeleza viwango shindani vya urushaji wa televisheni, kuanzia vile vitatu vya rangi vya enzi ya analojia (NTSC, PAL na SECAM) hadi vile vya dijitali. Inachunguza pia kwa nini kero za mtazamaji wa Afrika Mashariki hazikuisha baada ya nchi nyingi za eneo hili kuchagua kiwango kimoja, yaani DVB-T2. Hoja kuu ni kwamba kiwango, kufuli na leseni ni mambo matatu tofauti, na kwamba neno king'amuzi, pamoja na mafanikio yake makubwa miongoni mwa watumiaji wa Kiswahili, limeyafunika yote matatu kwa jina moja. Inapendekezwa kuwa mambo hayo yatenganishwe katika lugha ya sera, leseni na lebo za bidhaa.

1.0 Utangulizi

Si jambo geni, jijini Dar es Salaam au Nairobi, kukuta televisheni moja imewekewa ving'amuzi viwili au vitatu, kila kimoja na rimoti yake. Mwenye nyumba akiulizwa sababu, hujibu kwamba chaneli fulani haipatikani kwenye king'amuzi hiki, na nyingine haipatikani kwenye kile. Jibu hilo ni la kweli, lakini halisemi kinachozuia ni nini. Huenda kifaa hakiwezi kusoma mawimbi yanayobeba chaneli hiyo. Huenda kinayasoma, ila picha imefungwa kwa makusudi. Au huenda mwendeshaji wa huduma hana ruhusa ya kuibeba chaneli yenyewe. Kizuizi cha kwanza ni cha mhandisi, cha pili ni cha mfanyabiashara, na cha tatu ni cha mdhibiti.

Tangu uhamaji kutoka analojia kwenda dijitali, mijadala ya hadharani imekuwa ikivichanganya vizuizi hivi. Watazamaji wameilaumu dijitali kwa mambo ya kibiashara, nao watunga sera wametarajia kiwango cha kiufundi kitatue mambo ya leseni. Makala hii inaanza kwa kueleza viwango vyenyewe, kisha inaonyesha mahali ambapo kiwango kinaishia na kufuli linaanzia, na inamalizia kwa kuangalia mchango wa istilahi za Kiswahili katika mkanganyiko huo.

2.0 Viwango vitatu vya rangi

Kiwango cha urushaji ni makubaliano kati ya anayerusha na anayepokea kuhusu namna picha itakavyogawanywa, itakavyopakiwa kwenye mawimbi na itakavyojengwa upya kwenye seti ya mtazamaji. Marekani ilitangulia: mwaka 1941 iliidhinisha mfumo wa mistari 525 wa nyeusi na nyeupe, na Desemba 1953 ikaidhinisha NTSC ya rangi. Sifa kubwa ya NTSC ilikuwa kwamba seti za zamani ziliendelea kupokea matangazo mapya, ingawa bila rangi, hivyo hakuna aliyelazimika kutupa televisheni yake. Udhaifu wake ulikuwa katika rangi. Aina ya rangi ilitegemea kupishana kwa wakati kati ya mawimbi mawili, na hitilafu ndogo njiani iliweza kuugeuza uso wa mtangazaji ukawa wa kijani. Ndiyo maana seti za NTSC zilikuwa na kitufe cha kurekebisha rangi, na mafundi wakakitania kiwango hicho kuwa hakitoi rangi ile ile mara mbili.

Ulaya ilitafuta dawa ya udhaifu huo kwa njia mbili. Walter Bruch, mhandisi wa kampuni ya Telefunken nchini Ujerumani, alibuni PAL. Katika PAL, kipengele kimoja cha rangi hugeuzwa kinyume katika kila mstari wa pili, hivyo kosa la mstari mmoja hufutana na kosa la mstari unaofuata. Nchini Ufaransa, Henri de France alibuni SECAM, ambayo hurusha vipengele viwili vya rangi kwa zamu, mstari kwa mstari, huku seti ikikihifadhi kimoja ikisubiri kingine. Rangi za SECAM zilihimili safari ndefu vizuri, lakini mawimbi yake yalikuwa magumu kuchanganywa studioni. Kwa sababu hiyo, vituo vingi vya SECAM vilitengeneza vipindi kwa PAL na kuvigeuza wakati wa kuvirusha tu. PAL nayo haikukosa kero. Ilionyesha fremu 25 kwa sekunde, na filamu za sinema zilizopigwa kwa fremu 24 zilikwenda kasi kwa takribani asilimia 4, sauti zikipanda kidogo.

Mikutano ya kimataifa iliyofanyika Vienna mwaka 1965 na Oslo mwaka 1966 haikufanikiwa kuipatia Ulaya kiwango kimoja. Mwaka 1967 Ujerumani Magharibi na Uingereza zilianza kurusha kwa PAL, wakati Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilianza kwa SECAM. Tofauti ya ubora kati ya viwango hivyo viwili ilikuwa ndogo mno kuelezea mgawanyiko huo. Siasa za mataifa na soko la viwanda vyao ndivyo vilivyoamua.

Mgawanyiko huo ulifika Afrika kwa njia za ushirikiano wa kiufundi na biashara ya mitambo. Kenya, iliyoanza kurusha televisheni mwaka 1962, na Uganda, iliyoanza mwaka 1963, zilipoingia katika rangi zilifuata PAL. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, nayo ikafuata PAL. Upande wa magharibi, Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, na Burundi zilifuata SECAM. Kwa mtazamaji wa mpakani, tofauti hiyo ilionekana kwa macho: seti ya PAL pekee iliyonasa mawimbi ya SECAM ilionyesha picha isiyo na rangi, na mara nyingi isiyo na sauti, kwa kuwa sauti iliwekwa mahali tofauti kwenye masafa. Hali kadhalika, kanda ya video iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani haikuchezeka ipasavyo kwenye deki ya PAL.

Kero hiyo haikumalizwa na mkutano wowote. Ilipunguzwa na viwanda vilivyotengeneza seti na deki zinazosoma mifumo yote mitatu, na vifaa hivyo vilipata soko kubwa katika nchi za Ghuba, ambako PAL na SECAM zilikuwa majirani. Jambo la kuzingatia ni kwamba tiba hiyo iliwezekana kwa sababu hakuna kilichofungwa. Aliyekuwa na kifaa kinachoelewa lugha ya mawimbi alipata picha, na hakuhitaji ruhusa ya mtu.

3.0 Viwango vya dijitali na uamuzi wa eneo

Katika dijitali, viwango vikuu vya urushaji wa ardhini vilikuwa vinne: ATSC ya Marekani, DVB-T ya Ulaya, ISDB-T ya Japani na DTMB ya China. ATSC hupakia data yote kwenye wimbi moja. Iliweza kufika mbali kwa nguvu ndogo ya mtambo, lakini vipokezi vyake vya mwanzo vilitatizwa na mwangwi wa mawimbi yanayogonga majengo. DVB-T huigawa data katika maelfu ya mawimbi madogo, hivyo huvumilia mwangwi na huruhusu minara kadhaa kutumia masafa yale yale. ISDB-T huigawa chaneli katika sehemu 13, na sehemu moja kati ya hizo yaweza kutengwa kwa ajili ya simu za mkononi. DVB-T2, kizazi cha pili cha DVB-T, hubeba data zaidi kwa angalau asilimia 30 katika masafa yale yale.

Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006, ulioandaliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU), ulipanga upya masafa ya Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia ya Magharibi, na kuweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa kuyalinda matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa hayo. Mwaka 2010 nchi za SADC zilipendekeza DVB-T2, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikachukua mwelekeo huo huo. Botswana ilichagua ISDB-T mwaka 2013, huku jirani yake Afrika Kusini ikiwa imechagua DVB-T2. Mfano huo unaonyesha kwamba hata dijitali haikuondoa uwezekano wa mpaka wa nchi kuwa mpaka wa mawimbi.

Muda nao ulikuwa na gharama. Kenya ilizindua matangazo ya majaribio kwa DVB-T Desemba 2009, kisha ikahamia DVB-T2. Kipokezi cha DVB-T2 kwa kawaida husoma pia DVB-T, lakini cha DVB-T hakiwezi kusoma DVB-T2. Kwa hiyo, mwananchi aliyeitikia wito mapema ndiye aliyelazimika kununua kifaa mara ya pili. Uamuzi wa kuhamia kiwango bora ulikuwa sahihi kiufundi, ila gharama yake iliangukia kwa aliyetii kwanza.

4.0 Mahali kiwango kinapoishia

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Hapo ndipo tofauti kati ya kiwango na kufuli ilipoingia sebuleni. Kiwango cha urushaji huishia pale kipokezi kinapopata data. Baada ya hapo mwendeshaji anaweza kuisimba data hiyo kwa fumbo ambalo linafunguliwa na kadi au programu yake pekee. Fumbo hilo si sehemu ya namna mawimbi yanavyopakiwa, na kila kampuni huweza kuchagua lake. Waendeshaji wawili wanaweza kutumia DVB-T2 ile ile, minara jirani na masafa yanayofuatana, na bado king'amuzi cha mmoja kisifungue chaneli hata moja ya mwenzake. Katika enzi ya PAL na SECAM, seti ya mifumo mingi iliponya tatizo. Katika enzi hii, kifaa kinachosoma kila kiwango duniani bado kitakwama mbele ya kufuli.

Juu ya kufuli kuna leseni. Mwaka 2015 nchini Kenya, vituo vya kampuni tatu binafsi vilitoka hewani kuanzia katikati ya Februari hadi mapema Machi, katika mgogoro uliohusu nani arushe kwa miundombinu ya nani, baada ya shauri lililokuwa limefika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2018 nchini Tanzania, waendeshaji wa televisheni za kulipia kwa njia ya setilaiti walizuiwa na mdhibiti kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu. Katika matukio yote mawili mtazamaji aliona kioo kitupu kilekile ambacho angekiona kama antena ingeanguka. Katika matukio yote mawili, kiwango cha kiufundi hakikuwa na kosa lolote.

5.0 Neno king'amuzi na kisimbuzi

Kiswahili kilipata jina la kifaa hiki haraka, na jina hilo lilienea kuliko istilahi nyingi za teknolojia. King'amuzi limetokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lisilo dhahiri. Ni neno zuri: linatamkika, lina ngeli iliyo wazi ya KI-/VI-, na linaeleweka kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mawimbi. Baadaye kisimbuzi, kutokana na simbua, kinyume cha simba, limepata nafasi katika lugha ya mdhibiti na vyombo vya habari.

Hata hivyo, maneno yote mawili yanataja sanduku, hayataji kazi. Ndani ya sanduku mna kazi tatu: kupokea mawimbi kwa mujibu wa kiwango, kuikunjua data iliyobanwa ili iwe picha, na kufungua fumbo la mwendeshaji. Kung'amua kunaweza kumaanisha yoyote kati ya hizo. Kusimbua nako kuna utata wake, kwa kuwa msimbo katika Kiswahili ni mpangilio wa kawaida wa data na pia ni fumbo la siri. Mnunuzi anayeambiwa dukani kwamba hiki ni "king'amuzi cha dijitali" hajaambiwa kama kitapokea chaneli zisizolipiwa za mwendeshaji mwingine, wala kama kitabaki na manufaa siku atakapoacha kulipia. Lugha imempa jina la kitu bila kumpa swali la kuuliza.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya viwango vya televisheni inaonyesha kwamba ushindani wa viwango una kero, lakini kero hizo hupungua vifaa vinapokuwa na uwezo wa kusoma zaidi ya kiwango kimoja. Kero za kufuli na leseni hazipungui kwa njia hiyo. Kukubaliana kiwango kimoja ni hatua ya lazima kwa eneo letu, ila haitoshi.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, nyaraka za sera na leseni zitumie kipokezi kwa kifaa kinachosoma kiwango, na kufuli kwa mfumo wa kufunga chaneli, huku king'amuzi likiachwa kuwa jina la jumla la umma. Pili, kila kifaa kinachouzwa kiwe na lebo ya Kiswahili inayojibu maswali mawili: kinasoma kiwango gani, na je, kinapokea chaneli zisizolipiwa bila kadi? Tatu, wadhibiti wa eneo wafikirie sharti la tundu la wazi la kadi kwenye televisheni, ili kufuli liweze kubadilishwa bila kubadilisha kifaa kizima. Umoja wa Ulaya uliweka sharti la namna hiyo mwaka 2002 kwa televisheni za dijitali zenye kioo kinachozidi sentimita 30.

Mapendekezo mawili ya kwanza hayahitaji mnara mpya wala masafa mapya. Yanahitaji wanaisimu na wahandisi waketi meza moja kabla ya kanuni kuchapishwa, ili mwananchi anapouliza kwa nini haoni chaneli, ajue swali hilo alipeleke kwa nani.