Bafu la Ngokolo: rangi gani inalipa?

MWENYE nyumba wa Ngokolo, mjini Shinyanga, anapoingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta rangi ya bafu, kwa kawaida swali lake la kwanza huwa ni rangi gani inapendeza. Swali hilo ni halali, lakini kwa upande wa fedha ni la tatu. La kwanza ni kama ukuta umekauka, na la pili ni rangi ya maji au ya mafuta. Anayeyaruka hayo mawili huenda akajikuta anarudi dukani kabla ya mwaka kwisha.

Soko la bidhaa hii lina historia fupi. Kabla ya masharti ya uagizaji bidhaa kulegezwa mwaka 1984, mtu alipaka rangi aliyoipata, na kuta nyingi ziliishia kwenye chokaa. Maji nayo yalikuwa ya shida; mji ulitegemea Bwawa la Ning'hwa. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulipozinduliwa mwaka 2009, bafu la ndani lenye bomba likapata maana, na ukuta wake ukaanza kulowa kila siku.

Marumaru hadi juu ndiyo dawa ya uhakika, ila si kila mfuko unaifikia. Kwa wasioiweza upo mtindo wa mashule na zahanati: chini rangi ya mafuta iliyokoza, juu rangi ya maji iliyopauka. Wapo wanaoudharau kwa kufanana na ofisi ya serikali. Hesabu yake, hata hivyo, ni nzuri.

Chukua bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye kuta za kimo cha mita 2.4. Ukitoa mlango na dirisha, hubaki kama mita za mraba 15. Kwenye ukuta laini, lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mstari wa mafuta ukiishia mita 1.2, mikono miwili itakula lita moja na nusu. Lakini maji ya kuoga hayaishii kiunoni. Ukiupandisha hadi mita 1.8 zitahitajika lita 2.3 hivi, yaani nyongeza isiyofika lita moja, na kopo la lita 4 linatosha kwa vyovyote. Plasta yenye mchanga mwingi hunywa zaidi. Ndoo ya lita 20 kwa bafu peke yake ni mtaji uliolala.

Hapo ndipo uchaguzi wa rangi yenyewe unapoanza. Madirisha ya mabafu mengi ni madogo na yako juu, hivyo bluu au kijani iliyokoza kuta zote hufanya chumba kionekane kama stoo, na michirizi ya sabuni hukauka juu yake ikiwa meupe. Nyeupe tupu nayo haifichi vumbi la kiangazi. Zinazolipa ni krimu, kijivu kilichopauka au bluu ya anga kwa juu, na chini rangi ya jamii hiyo hiyo iliyokozwa kidogo. Mnunuzi afanye jaribio la kiganja ukutani, alitazame mchana na tena usiku taa ikiwaka. Krimu nzuri ya dukani inaweza kufifia chini ya taa nyeupe.

Kwa rangi kali za mafuta, hasa njano, nyekundu na rangi ya chungwa, kuna jambo zito zaidi ya urembo. Taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, imepima rangi zilizouzwa nchini na kukuta baadhi zina madini ya risasi kwa wingi, na rangi hizo kali ndizo hasa zenye historia hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi hakizidi sehemu 90 katika milioni. Kopo lisiloonyesha mtengenezaji wala alama ya ubora ya TBS halistahili kuingia bafuni, hata kwa nusu bei. Aidha, rangi ya zamani isikwanguliwe kwa msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Iloweshwe kwanza, kisha taka zikusanywe zote.

Kuhusu ukavu, plasta mpya inahitaji kama siku 28. Saruji mbichi ina chumvi kali inayokula rangi ya mafuta, nayo hubanduka kama ganda. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho msimu wa kazi hii Shinyanga, lakini bafu linalotumika lifungwe bomba siku kadhaa kabla ya fundi kuanza.

Fundi akichanganya rangi kwa mkono, achanganye yote kwa mara moja, maana mchanganyiko wa pili haufanani na wa kwanza. Mwenye nyumba awepo maji yanapoongezwa kwenye rangi: ikizidishwa, rangi hufika kuta zote na kuisha upesi. Itakayobaki ifungwe vizuri kwenye kopo, kwa ajili ya viraka vya kona ya kuogea.