Mtoto Mwenye Usonji: Je, Mama Ndiye wa Kulaumiwa?

Mtoto akichelewa kusema, wa kwanza kutazamwa ni mama yake. Akiitwa asigeuke, akikwepa kutazamana na watu, akishinda kutwa akipanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, majirani hunong'ona: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Wakwe nao huuliza mambo hayo yametoka ukoo gani. Mama hubeba yote kimya kimya.

Ndugu msomaji, huenda mtoto huyo ana usonji, yaani hali ya ubongo inayoathiri jinsi anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake. Wala usidhani kwamba lawama hizo ni za kwetu tu. Huko Marekani hata wasomi wakubwa waliwahi kumtwika mama mzigo huo.

Lawama ilivyoanza

Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner wa Baltimore aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, walioishi kana kwamba wamo katika dunia ya peke yao. Aliona kuwa walizaliwa hivyo. Lakini aliandika pia kwamba wachache tu kati ya wazazi wao walikuwa wachangamfu, na wengine wakaishika sehemu hiyo. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo huko Chicago, alitoa kitabu kilichoeneza wazo kwamba ubaridi wa wazazi ndio unaomfanya mtoto ajifungie. Akina mama wakabandikwa jina la "mama jokofu".

Mapacha walijibu swali hilo mapema. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wao wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Kama malezi ndiyo chanzo, kwa nini tofauti hiyo, wakati kila jozi ililelewa nyumba moja? Jibu lilielekea kwenye urithi wa mwili.

Picha za ubongo zinasema nini?

Siku hizi kuna kipimo cha MRI. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei, kupiga picha za ndani ya mwili. Mtoto mchanga anaweza kupigwa picha akiwa katika usingizi wake wa kawaida.

Mwaka 2017 Heather Hazlett, Joseph Piven na wenzao wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 148. Kati yao, 106 walikuwa na kaka au dada mwenye usonji, na 42 hawakuwa naye. Walipigwa picha wakiwa na miezi 6, 12 na 24. Watoto 15 wa kundi la kwanza walionekana kuwa na usonji walipofika miaka 2. Picha zao zilionyesha kwamba kati ya miezi 6 na 12 uso wa ubongo wao ulitanuka kwa kasi kuliko wa wenzao. Katika mwaka wa pili ubongo wote ukakua kupita kiasi, na ndipo dalili zilipodhihirika.

Mama, pima jambo hilo. Ubongo ulikwisha kushika njia yake kabla hata mtoto hajajua kutembea. Si kwa sababu ulirudi kazini, wala si kwa sababu ulimwachia yaya.

Usikimbilie kipimo

Hata hivyo, usiuze mbuzi ili mtoto akapigwe picha. Picha hizo hufundisha watafiti wanapolinganisha watoto wengi, lakini MRI bado si kipimo cha kutambua usonji wa mtoto mmoja. Daktari anaweza kuiagiza kwa sababu nyingine, kwa mfano degedege zinazojirudia. Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza na kuwasiliana, na kwa kumsikiliza mzazi. Yule aliyelaumiwa ndiye shahidi mkuu.

Mpeleke mtoto kliniki ukiona haya:

- Amefikisha mwaka 1 na haitikii jina lake.
- Amefikisha miezi 18 na hanyooshi kidole kukuonyesha kitu.
- Amefikisha miezi 16 na hana hata neno moja.
- Alikuwa na maneno, kisha yakapotea.

Andika katika daftari unayoyaona na tarehe zake. Omba masikio yake yapimwe pia, maana asiyesikia vizuri naye hukawia kusema. Usingoje kwa kuambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini mafunzo ya mawasiliano yakianza mapema humsaidia mtoto. Nyumbani, kaa naye chini, cheza anachokipenda, taja vitu kwa maneno machache, kisha umpe nafasi ya kujibu kwa namna yake.

Na jioni baba akirudi, msomee ukurasa huu. Mtoto huyu anahitaji wazazi wawili wanaosaidiana, si wawili wanaotafuta mkosaji.