Siku Mwandishi Atakapokuja Malava

Paukwa!

Vizuri, mmeitikia wote. Sogeeni karibu, na huyo aliye mlangoni aingie.

Alikuwepo kijana mmoja aliyeitwa Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, huko Sokomoko. Mchana alifuata mifugo ya tajiri wake, lakini moyoni alikuwa na jambo zito. Alikuwa ameandika kitabu. Kilikuwa bado mswada tu, na mswada ule ukaangukia mikononi mwa Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi, mtu msomi mwenye sifa ya uandishi. Majisifu akauchapisha kwa jina lake mwenyewe. Watu wakamsifu. Amani akabaki na ng'ombe wasio wake na kitabu kisicho na jina lake.

Sasa nijibuni, wajukuu wangu. Aliyeiba mswada na aliyeiba ng'ombe, mwizi zaidi ni nani?

Huku kwetu Kabras, ng'ombe akiibwa usiku, yowe hupigwa na kijiji hutoka na tochi. Maneno ya mtu yakiibwa, nani atapiga yowe? Mmoja wenu atasema mwizi ni mwizi. Mwingine atasema ng'ombe hununuliwa mwingine sokoni, lakini alichotunga mtu kwa miaka hakiuzwi popote. Wa tatu atakunja uso na kuuliza: kama huyu Majisifu alikuwa mwandishi kweli, kwa nini aibe? Huyo wa tatu ndiye ninayemtafuta.

Mkibishana hivyo, kitabu kikiwa wazi mbele yenu na mtu mmoja akigawa zamu za kusema, mnafanya mjadala wa kitabu. Na kama aliyekitunga ameketi hapo hapo kati yenu, akisikiliza, akijua kwamba punde mtamgeukia yeye, hiyo ni ziara ya mwandishi. Katika miji mingi duniani mambo haya hufanyika maktabani kila mwezi. Nataka yafanyike hapa kwetu Malava, na nataka myaanzishe nyinyi.

Kisa cha Amani kimo katika riwaya iitwayo Kidagaa Kimemwozea. Ilitoka mwaka 2012, ikawa kitabu teule cha shule za upili, na kaka na dada zenu waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne miaka ile wanaweza kuwatajia wahusika wake hata leo. Aliyeiandika ni Ken Walibora. Alizaliwa upande wa Bungoma, akakulia Cherangani, Trans Nzoia. Mkisimama kando ya barabara kuu hapa Malava, pale msitu unapokaribia lami na mbega wakiruka juu ya miti, mkatazama matatu zinazopanda kwenda Webuye na Kitale, mnatazama njia ya kwao. Hakuanza maisha akiwa mwandishi. Alikuwa afisa wa probesheni, kisha akawa msomaji wa habari kwenye runinga, akasoma Marekani mpaka akapata shahada ya uzamifu, akafundisha vyuo vikuu. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka 1996. Ndani yake kijana Kongowea anasafiri kutoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari hiyo inamleta huku huku magharibi mwa Kenya.

Walibora alialikwa shuleni mara nyingi, na alikwenda. Wanafunzi waliokuwa wamezoea kuliona jina lake kwenye karatasi ya mtihani walimwona akisimama mbele yao, wakamuuliza walichotaka. Alifariki Nairobi mwezi Aprili mwaka 2020. Swali langu la Majisifu haliwezi tena kumfikia. Ndiyo maana nawahimiza: vitabu mnavyosoma sasa vina wenyewe, na wengi wao mngali mnaweza kuwapigia simu. Waiteni.

Najua mtakaloniambia. Mtasema vitabu tunavijadili darasani tayari. Wanangu, mengi ya yale ni maandalizi ya mtihani. Mwalimu ana silabasi ya kumaliza, naye hana kosa. Lakini nimeona wanafunzi wanaobeba mwongozo wa riwaya bila kuwa na riwaya yenyewe. Mwongozo una maudhui yote, una sifa za wahusika zimepangwa, una maswali na majibu. Anayeusoma huo peke yake anajua kwamba Majisifu ni mwizi na mlevi, na ataandika hivyo na kupata alama. Hajawahi kumkasirikia. Hajawahi kumhurumia pia, ilhali kitabu chenyewe kinakupa sababu za yote mawili. Kwenye mjadala wa maktaba hakuna alama, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha ulichohisi. Unaweza kusema sura ya tatu ilikuchosha. Unaweza kusema mwisho wake si wa kweli, na jirani yako akakupinga kwa kusoma aya moja kwa sauti, ukabadili mawazo au ukazidi kushikilia yako.

Babu na bibi zenu walilijua hili kabla ya vitabu kufika. Hadithi ya jioni haikuwa ya mtu mmoja kusema na wengine kunyamaza. Wasikilizaji walitakiwa kuitikia, kuimba kiitikio, kukisia zimwi litafanya nini, na mtambaji akikosea mahali, mtoto aliyewahi kuisikia kwa shangazi alimkatiza na kusahihisha. Kitabu kilipokuja kikatufundisha kusoma kimya, kila mtu pembeni mwake. Kusoma kimya kuna raha yake, siikatai. Lakini tuliuacha ule mdomo wa kuitikia, na huo ndio ninaoutaka urudi.

Kuna mahali hapa Kenya ambapo ulirudi kwa nguvu mpaka serikali ikaogopa. Nisikilizeni kwa makini hapa.

Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu huko Limuru, waandishi wawili, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, walitunga mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda. Ngugi wa Thiong'o alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwandishi aliyesomwa nchi za mbali. Hata hivyo, mswada ulisomwa mbele ya wanakijiji: wakulima, vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, wazee waliopitia vita vya Mau Mau. Wakausikiliza, kisha wakaanza kuusahihisha. Waliona mahali ambapo mzee katika mchezo hakuwa akizungumza kama mzee. Wakaongeza nyimbo walizozijua wao. Waliofanya kazi kiwandani wakaeleza hasa mshahara unavyokatwa na kubaki kiasi gani. Profesa akaketi akaandika walichosema.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo, na watu walifika kutoka vijiji vya mbali. Mwezi uliofuata serikali ikaupiga marufuku. Siku za mwisho za Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe, ambao wanakijiji walikuwa wameujenga kwa mikono yao. Mkitaka kujua kama mjadala wa kitabu ni jambo dogo, waulizeni waliotuma polisi kubomoa ukumbi.

Lakini haikuishia hapo. Gerezani Kamiti, Ngugi aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni, kwa sababu hizo ndizo alizokuwa nazo. Ilichapishwa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mutharaba-ini, na baadaye ikatoka kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Mwenyewe ameeleza ilivyosomwa. Jioni familia zilikusanyika na aliyejua kusoma aliwasomea wengine. Wafanyakazi waliisoma pamoja saa ya chakula cha mchana. Mpaka kwenye vilabu vya pombe alipatikana msomaji, na alipofika mahali patamu akaona gilasi yake imekauka, alikiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamnunulie nyingine ndipo aendelee. Wengine katika wasikilizaji wale hawakujua kusoma hata herufi, na bado walikijadili kitabu kile.

Maktaba inaingia wapi? Inaingia kwa sababu ni nyumba ambayo mtoto wa yeyote anaweza kuingia bila kununua kitu. Haikuwa hivyo siku zote. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, yenye nguzo kubwa na sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa 1931, na kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo iko wazi kwa wote, na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, pamoja na Angela Wachuka, limeshirikiana na kaunti ya Nairobi kuifufua, yenyewe na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Huko Kaskazini Mashariki, shirika la maktaba la taifa lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa watoto wa wafugaji kwa ngamia, kutokea Garissa.

Sisi wa Malava hatuhitaji ngamia. Maktaba ya umma iko Kakamega mjini, safari fupi ya matatu. Kikundi chenu kitume watu wawili pamoja na mwalimu au mzazi, wakaulize masharti ya kuazima vitabu na kama mkutubi anaweza kuwatembelea. Wakutubi hupenda kuulizwa; wengi wao hukaa siku nzima wakiona wanafunzi wanaokuja kutumia meza tu, na madaftari yao wenyewe. Na mkisikia kaunti inaita wananchi kutoa maoni ya bajeti, waambieni wazazi wenu waende, na nyinyi mfuatane nao. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kuomba maktaba Malava ni sawa na kuomba daraja au zahanati.

Lakini msingoje jengo. Darasa likiwa tupu Jumamosi alasiri, baada ya kazi za nyumbani, linatosha. Ukumbi wa kanisa unatosha. Tatizo kubwa litakuwa nakala. Mnaweza kuwa thelathini na vitabu vitatu. Basi someni kwa sauti, kwa zamu, sura moja kila juma, na kila anayesoma aachwe amalize aya yake hata akikwama kwenye neno. Kiongozi wa mjadala asiwe yule anayejua sana. Awe yule anayekumbuka nani hajasema. Na msitoe fotokopi ya kitabu kizima ili mpate nakala za bure. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kifo chake. Mwandishi hupata fungu dogo tu katika bei ya kila nakala inayouzwa, na kwenye fotokopi hapati kitu. Itakuwa aibu kumwalika mgeni kisha mumpokee mkiwa mmeshika kazi yake iliyoibwa, baada ya yote tuliyosema juu ya Majisifu.

Mkishamaliza kitabu, hapo mwalikeni. Kabla ya kukimaliza, msimwite. Mgeni aliyetoka mbali kuja kuwaeleza watu wasiosoma kitabu chake atalazimika kuwasimulia kisa, na mtapoteza alasiri nzima. Siku nzuri ni karibu na tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyowekwa na UNESCO mwaka 1995. Mara nyingi wakati huo shule zimefungwa na nyote mko nyumbani. Atakapofika, mpeni maji na chai, mwacheni apumzike kidogo, halafu anzeni na maswali ya wale wadogo, maana wakubwa wakitangulia wadogo hunyamaza.

Yatayarisheni maswali wiki moja kabla. Mtoto anayeuliza "ulianza lini kuandika?" atapata jibu ambalo mwandishi ameshalitoa mara mia. Lakini ukimwambia: "Ukurasa huu mama alinyamaza alipopaswa kusema. Kwa nini ulimnyamazisha?" utamwona anavua miwani na kufikiri. Muulizeni alichokifuta. Muulizeni ni mhusika gani alimshinda. Muulizeni kama kuna mtu wa kweli aliyekasirika kwa kujiona kitabuni. Kama kuna jambo hamkulipenda, mwambieni kwa adabu na mumwonyeshe mahali. Amekuja kusikia hilo pia.

Yatakayobaki bila kujibiwa yaandikeni kwenye karatasi moja, kwa hati inayosomeka, na majina yenu chini. Mkifungua kitabu, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, mtaikuta anwani ya mchapishaji. Barua itumwe huko, kwa jina la mwandishi, nao wataifikisha.