Moshi wa Moyoni



Kijana mmoja, karani wa kamati ya kanisa, alitujia na barua ya Kiingereza iliyosema kwamba mwenyekiti "was fuming" mkutanoni. Alikuwa na huzuni: kumbe mzee wetu huvuta sigara, tena kanisani! Tulicheka kidogo, kisha tukaketi naye kulichambua neno hilo, "fume".

Asili yake ni neno la Kilatini "fumus", yaani moshi, nalo lilipitia Kifaransa cha kale hata kufika Uingereza. Lakini moshi wa kuni au wa sigara Mwingereza huuita "smoke". "Fumes", ambalo husemwa zaidi kwa wingi, ni hewa kali itokayo katika petroli, rangi au makaa, na pengine haionekani kabisa. Hata manukato, "perfume", ni ya ukoo huo, maana zamani harufu nzuri ilipatikana kwa kufukiza, kama watu wa pwani wafukizavyo udi na ubani.

Mtu naye akiambiwa "he is fuming", basi amekasirika mno, lakini mara nyingi hasira ingali ndani. Uso umekunjamana, apumua kwa nguvu, wala hajatamka neno. Sisi husema mtu anafoka. Huyo ni chungu kilichokwisha kufurika, kila mtu amsikia. Huyu wa "fume" chungu chake bado kimefunikwa.

Waebrania nao walijua jambo hili. Katika Zaburi ya 74, mstari wa kwanza, hasira inatajwa kuwa yatoka moshi. Na lile neno la Kiyunani "thumos", ambalo katika Waefeso 4:31 tumelifasiri ghadhabu, wataalamu wa lugha wasema ni la shina moja na "fumus".

Ndugu zetu wa nyanda za juu wajua baridi ya mwezi wa Julai. Mtu huingiza jiko la makaa chumbani, akafunga madirisha. Makaa ni mekundu, moshi umekwisha, naye adhani hatari imepita. Kumbe sasa yatoka hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mwenye kulala huenda asiamke. Sisi tumesimama kwenye makaburi ya namna hiyo.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Baba mchungaji, mzee hakusema lolote siku ile. Na tangu hapo hasalimiani na mweka hazina."

Tuliuliza ni muda gani sasa. Akajibu, miezi mitano.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee. Tulipewa chai, tukazungumza habari za mvua na za ng'ombe. Ilikuwa yapata saa nne za usiku alipoweka kikombe chini, akaanza kusema.